Makala yako ikienda jaridani: wahakiki wanasoma nini, na unawajibu vipi

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu, anayesomesha skuli huko Micheweni huku akimalizia shahada ya pili, alinijia Wete baada ya laasiri, simu mkononi, macho mekundu. Chai hakuigusa. "Mama mdogo, wameikataa." Nikamwambia akae kwanza, anipe niisome. Mhariri wa jarida alimwandikia kwamba wahakiki wawili wameisoma makala yake, wana hoja nzito, na haiwezi kuchapishwa kama ilivyo sasa. Akitaka, airekebishe na airejeshe ndani ya siku 60. Nikamsomea mstari ule wa mwisho mara mbili. Ile haikuwa barua ya kukataliwa. Ni barua ambayo mimi nilikesha nikiiomba kwa makala yangu ya kwanza.

Tulikaa mpaka baada ya isha. Niliyomweleza usiku ule ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa ajili yake na kwa wadogo zangu wengine wa Unguja na Pemba wenye makala ndani ya kompyuta, wasiojua ikiwatoka mikononi inakwenda wapi. Chuoni tulifundishwa kukusanya data na kuandika tasnifu. Kuwajibu wahakiki hatukufundishwa, kila mtu amejifunza kwa kuumia.

Nani anaisoma

Jarida la kitaaluma halichapishi makala kwa kuwa mhariri ameipenda tu. Mhariri huitafutia watu wawili au watatu wa fani ile ile, akawaomba waisome na waandike maoni yao. Hao ndio wahakiki. Kwa kawaida hawalipwi. Wanasoma usiku baada ya kusomesha mchana, kama wewe. Kazi yao ni kumshauri mhariri, na mwenye uamuzi ni yeye. Lishike hilo, litakufaa siku mhakiki mmoja atakaposema makala ni nzuri na mwenzake akasema haifai.

Majina hufichwa kwa namna tofauti. Katika majarida mengi ya sayansi mhakiki anakujua, wewe humjui. Mengine, hasa ya lugha na ya sayansi za jamii, yana pazia pande zote mbili, naye hajui makala ni ya nani. Hapo unatakiwa uondoe jina lako, chuo chako, shukrani, na hata sentensi za "kama nilivyoonesha katika utafiti wangu wa awali". Yapo pia yanayoweka mambo wazi, hata ripoti za wahakiki zikachapishwa pamoja na makala. Soma maelekezo ya jarida kabla hujatuma ujue liko kundi gani.

Watu hudhani utaratibu huu ni wa kale kama elimu yenyewe. Jarida la Philosophical Transactions lilianza London mwaka 1665 chini ya Henry Oldenburg, na kwa muda mrefu majarida mengi yalitegemea macho ya mhariri na wenzake wa karibu. Nature, ambalo leo kila mtafiti analiota, lilifanya uhakiki wa watu wa nje kuwa lazima kwa kila makala mwaka 1973. Ni chombo kilichoundwa na watu, na mipaka yake inajulikana. Mwaka 2020 majarida mawili makubwa ya tiba, The Lancet na New England Journal of Medicine, yaliondoa makala kuhusu UVIKO-19 zilizokwisha kupita kwa wahakiki, kwa sababu data zilizotumika hazikuweza kuthibitishwa. Mhakiki anasoma karatasi. Hakuwa nawe pwani.

Hakuwa nawe pwani

Makala yangu ya kwanza ilihusu ukuaji wa mwani aina ya spinosamu upande wa Micheweni. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, kikaenea, na leo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar inatoka huku kwetu Pemba. Nilipima kamba 60 zilizofungwa mwani, za wakulima sita, wote wanawake, kaskazi na kusi. Nilijua kazi ile ni nzuri. Nilisimama majini mpaka kiunoni kuifanya.

Mhakiki wa pili aliandika hivi: vipimo vimechukuliwa baada ya siku 13, kisha 15, kisha 14, kisha 16, mwandishi haelezi sababu, na hali hii inaonesha kukosa umakini.

Nilichukia mpaka mikono ikatetemeka. Nikampigia mwalimu wangu, mzee aliyenisimamia tangu shahada ya kwanza. "Mwalimu, huyu mtu hajui hata bamvua!" Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, umeandika wapi kwamba ulifuata bamvua?"

Nikafungua mswada, nikalitafuta neno ukurasa hadi ukurasa. Halikuwamo. Sisi tunajua tangu utoto kwamba shamba la mwani haliingiliki maji mafu. Unangoja mwezi uandame au upevuke, maji yatoke mbali, ndipo unashuka na kamba zako, na siku baina ya bamvua moja na nyingine hazilingani kama siku za kalenda ya ofisini. Kwa kuwa kila mtu niliyekua naye anajua hivyo, sikuona kama ni jambo la kuandika. Mhakiki alisoma nilichokiandika, na kwenye karatasi ile nilionekana mzembe kweli.

Niliongeza sentensi tatu na jedwali dogo la tarehe, umri wa mwezi na kina cha maji yakipwa. Hoja ikaisha.

Hilo ndilo ninalotaka ulielewe kabla ya mengine yote. Mhakiki ni msomaji wa kwanza asiyekuwa na bahari yako kichwani. Analolihoji mara nyingi ni lile unalolijua zaidi ya yote, ndiyo maana ukalisahau. Tangu siku ile, kabla sijatuma makala popote, ninampa mswada mtu asiyewahi kukanyaga eneo la utafiti na ninamwomba aweke alama kila anapojiuliza "kwa nini?". Majibu yote ninayompa kwa mdomo nayaandika ndani ya makala.

Kisha ninarudi kwa wenye eneo lao. Nilipokwenda kuwasomea matokeo wakulima wale, kivulini wanapokaa kufunga mbegu kwa taitai, vile vikamba vidogo, bibi mmoja alinisimamisha kwenye kamba mbili nilizoziandika kuwa zina ugonjwa. Akaniambia zile zililiwa na samaki, tasi. Ugonjwa hulilainisha tawi likawa jeupe kabla halijakatika, samaki hukata ncha zikabaki butu huku tawi lina rangi yake. Nikaziangalia picha zangu upya. Alikuwa sahihi, na hakuna mhakiki wa jarida lolote ambaye angeligundua kosa lile.

Kuchagua pa kuipeleka

Mswada wangu wa mwanzo kabisa ulirudi baada ya siku tatu bila kufika kwa mhakiki yeyote. Niliupeleka kwenye jarida la uchumi wa uvuvi kwa sababu lina jina kubwa. Mhariri aliandika mistari miwili: makala haiendani na maudhui yetu. Alikuwa na haki. Soma matoleo ya miaka miwili ya jarida unalolitaka. Kisha tazama orodha yako ya marejeo. Ikiwa haina hata makala moja ya jarida hilo, jiulize unazungumza na wasomaji gani.

Ukubwa wa jina usikulevye. Anayeandika kuhusu bahari yetu ana Western Indian Ocean Journal of Marine Science, linalotolewa tangu 2002 na WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ambayo makao yake yako hapa hapa Zanzibar. Anayeandika kuhusu lugha na fasihi ana Kiswahili na Mulika, majarida ya TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na huko anaweza kuandika kwa lugha yake mwenyewe. Makala inayosomwa na watu 50 wanaoifanyia kazi ina faida kuliko iliyokwama miaka miwili ikigonga milango isiyo yake.

Uliza habari ya fedha mapema. Majarida mengi yanayosomwa bure mtandaoni humtoza mwandishi, na ada huweza kufika maelfu ya dola. Wachapishaji wengi wanapunguza au kufuta ada kwa waandishi wa nchi kama Tanzania, lakini mara nyingi lazima uombe unapowasilisha, kabla makala haijakubaliwa. Ukinyamaza, ankara itakuja.

Halafu kuna matapeli. Hawa wananiumiza moyo kwa sababu wanawawinda vijana wetu. Utapata barua pepe ikikuita "mheshimiwa profesa", ikikusifia, ikiahidi makala itahakikiwa na kuchapishwa ndani ya siku tano ukilipa. Hakuna uhakiki wa kweli wa siku tano. Mwaka 2013 mwandishi wa jarida la Science, John Bohannon, alitunga makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani, ikiwa na makosa ambayo mtu aliyesoma kemia angeyaona, akaituma kwa majarida 304. Majarida 157 yaliikubali. Rafiki yangu mmoja alilipa mshahara wa miezi miwili kwa jarida la namna hiyo. Alipozinduka akataka kuiondoa makala yake, wakamtaka alipe tena. Kama ni jarida linalosomwa bure, angalia kama limo katika DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida ya namna hiyo yaliyokaguliwa, angalia kama wahariri waliotajwa wapo kweli na wanajua kwamba majina yao yametumika, na muulize mtu mzima katika fani kabla hujatoa hata senti.

Na makala hupelekwa jarida moja kwa wakati mmoja. Kuituma kwa mawili ukingoja litakalowahi kujibu ni kosa la kimaadili, na wahakiki wa fani ndogo ni wale wale. Mtu mmoja anaweza kuipokea mara mbili ndani ya wiki moja.

Mezani kwa mhariri, na ule mngojeo

Ukishawasilisha, ofisi ya jarida hutazama kwanza mambo ya wazi: urefu, muundo, namba ya kibali cha utafiti na cha maadili, na programu ya kulinganisha maandishi isije ikakuta aya ulizonakili. Kisha mhariri husoma ikisiri (ule muhtasari wa mwanzo), utangulizi na hitimisho, na hapo makala nyingi hukomea. Kwa hiyo barua ya kuisindikiza isijae salamu. Sentensi tatu au nne zatosha: umeuliza nini, umepata nini, kwa nini wasomaji wa jarida hili wanahitaji kujua. Ukiombwa kupendekeza wahakiki, usiweke msimamizi wako wala uliyeandika naye mwaka jana.

Ikipita, mhariri huanza kuomba watu waihakiki. Wengi hukataa, wengine hawajibu kabisa, na wiki huenda hivyo. Aliyekubali hupewa kwa kawaida wiki mbili hadi nne, na si wote wanaotimiza. Miezi mitatu ya kimya isikutishe. Ikipita, andika mistari miwili ya heshima, ukitaja namba ya mswada na kuuliza umefikia wapi. Kuuliza si utovu wa adabu. Kuuliza kila wiki ndiyo shida.

Siku barua inapofika

Kuna majibu manne: imekubaliwa, marekebisho madogo, marekebisho makubwa, imekataliwa. La kwanza, kwa makala inayowasilishwa kwa mara ya kwanza, ni nadra mno. Mimi sijalipata hata mara moja. Mtoto wa dada yangu alipata la tatu akalisoma kama la nne, na si yeye peke yake, kwa sababu barua za wahariri huandikwa kwa lugha ya baridi. Tafuta humo maneno ya kukualika urejeshe. Yakiwamo, mlango uko wazi. Na hata ukikataliwa, yale maoni ni yako: rekebisha nayo kabla ya kwenda jarida jingine.

Soma barua mara moja, uifunge, ukalale. Usijibu siku ile. Hasira huwapata hata wakubwa. Mwaka 1936 Albert Einstein, pamoja na Nathan Rosen, alipeleka makala kwa jarida la Physical Review akidai kwamba mawimbi ya mvutano hayapo. Mhariri akaipeleka kwa mhakiki, mhakiki akarudisha maoni marefu kwamba kuna kosa. Einstein alighadhibika kwamba makala yake imeoneshwa mtu kabla ya kuchapishwa, akaiondoa. Baadaye kosa likaonekana kuwa ni kosa kweli, na makala ilipochapishwa na jarida jingine mwaka 1937, hitimisho lilikuwa limebadilika. Miaka mingi baadaye ikajulikana kwamba mhakiki yule alikuwa Howard Robertson. Ninapochukia maoni ya mhakiki, humkumbuka Robertson aliyekaa na hesabu zile akazifuata mstari kwa mstari, ilhali hakuna aliyemlipa wala atakayemjua.

Barua ya majibu

Hapa ndipo makala nyingi huokolewa au hupotea, na hapa nitakaa kidogo.

Fungua waraka mpya. Nakili kila hoja ya kila mhakiki, neno kwa neno, usifupishe, na uipe namba. Aya moja ya mhakiki ikiwa na hoja tatu, zitenganishe ziwe tatu. Chini ya kila hoja andika jibu lako, kisha umeandika nini sasa ndani ya makala, na ni ukurasa na mstari gani. Mhariri ana miswada kadhaa mezani. Akiweza kuliona badiliko bila kulitafuta, atakuwa upande wako.

Kwa ile hoja ya siku zisizolingana, rasimu yangu ya kwanza, ya hasira, ilisema: "Mhakiki hafahamu mazingira ya kilimo cha mwani." Mwalimu wangu aliifuta. Tuliyoituma ilikuwa hivi:

"Tunamshukuru mhakiki kwa hoja hii; kweli hatukueleza sababu. Mashamba haya hufikika kwa miguu wakati wa bamvua tu, kwa hiyo vipimo vilifuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku kati yake huwa 13 hadi 16. Tumeeleza hayo katika sehemu ya mbinu (uk. 6, mstari wa 118 hadi 124), tumeongeza Jedwali la 2 lenye tarehe na kina cha maji, na tumekokotoa ukuaji kwa siku, si kwa kipindi."

Itazame sentensi ile ya mwisho. Kuieleza sababu kusingetosha, kwa sababu mwani uliokaa siku 16 utakuwa mkubwa kuliko wa siku 13. Ndani ya lile neno la "kukosa umakini" lililoniumiza kulikuwa na swali la haki la hesabu. Kila hoja ichambue hivyo: iondoe sauti yake, ubaki na swali lake.

Hoja iliyokuwa nzito kuliko ile ilitoka kwa mhakiki wa kwanza, naye aliiandika kwa upole kiasi kwamba karibu niipite. Alisema kamba 60 nimezihesabu kama vipimo 60 visivyotegemeana, na hali ni za wakulima sita. Kamba kumi za mkulima mmoja ziko sehemu moja ya maji, zimefungwa na mikono ile ile, kwa mbegu ile ile. Zinafanana kama ndugu wa tumbo moja. Nilikuwa nimejipa ushahidi mwingi kuliko nilionao. Nilirudia uchambuzi kwa njia inayomtambua mkulima kama kundi. Tofauti kati ya maeneo mawili niliyokuwa nikiitangaza kwenye ikisiri ikafifia. Tofauti kati ya kaskazi na kusi ikabaki imara. Ilibidi nibadili kichwa cha makala. Nililia, sioni haya kusema. Lakini kama ingechapishwa ilivyokuwa, mtu angewashauri wale akina mama wahamishe mashamba kwa sababu ya hesabu yangu mbovu.

Ukikubali hoja, sema umekubali na uoneshe badiliko. Usiseme "tumerekebisha" peke yake. Usipokubali, una haki hiyo, ila lete sababu na ushahidi, na utafute kitu cha kubadili hata hivyo, kwa kuwa msomaji mmoja keshateleza pale. Mhakiki wangu alitaka vipimo vya kirutubisho cha naitreti kwa miezi yote ya utafiti. Miezi imepita, maji yamekwenda, hakuna wa kuyarudisha. Niliandika kwamba haiwezekani, nikaondoa sentensi mbili za makala zilizodai kujua chanzo cha ukuaji kupungua, na nikaliweka suala la virutubisho kuwa pengo la utafiti huu. Alikubali.

Wahakiki wakipingana, usimchague anayekupenda. Eleza kwa mhariri mmoja amesema nini, mwenzake nini, umefuata njia gani na kwa nini. Mhakiki akikutaka utaje makala nne ambazo zote zinaonekana ni za mtu mmoja, taja ile inayohusika kweli, na nyingine mwandikie mhariri faraghani umwombe ushauri. Siku zisipokutosha, omba kuongezewa kabla hazijaisha. Mara nyingi utapewa.

Na lile linalotuuma wengi: "Kiingereza kisahihishwe na mzawa wa lugha hiyo." Limeandikwa hata kwa watu niliowahi kuwaona wakiandika Kiingereza safi kabisa. Usilijibu kwa kinyongo. Pitia sentensi zako ndefu uzikate, mpe mwenzako asome kwa sauti, kisha jibu kwamba lugha imepitiwa upya makala nzima.

Makala hurudi kwa wahakiki wale wale, mara moja, pengine mbili. Ikikubaliwa, utaletewa nakala ya mwisho uikague ndani ya siku mbili tatu. Kagua namba za jedwali na jina lako. Sisi majina yetu ni la mtu, la baba na la babu, na majarida hutaka "jina la ukoo". Makala yangu moja iko kwa jina la baba, nyingine kwa la babu, na kwa anayetafuta mtandaoni mimi ni watu wawili. Chagua moja tangu mwanzo, na jiandikishe ORCID. Ni bure, inakupa namba moja inayokufuata popote.

Ukiombwa wewe kuhakiki

Ukishachapisha makala moja au mbili, barua ya kukuomba uhakiki itakuja. Ikubali unapoweza. Kila makala yako imekula muda wa watu wawili au watatu, na mtu wa visiwa hivi anayeijua bahari hii anahitajika kwenye meza hiyo, ili bamvua isiitwe uzembe tena.

Kwetu hapa watu ni wachache na tunajuana. Ukiutambua mswada kuwa ni wa mtu mliyesoma naye, jamaa yako, au mshindani wako wa fedha za mradi, mwandikie mhariri umweleze, aamue yeye. Mswada wenyewe ni amana. Hauoneshwi wenzako, hauzungumzwi barazani, wala data zake hazichukuliwi. Usiutie kwenye programu za akili bandia ukaomba zikuandikie ripoti. Wachapishaji wengi wanakataza, kwa kuwa hapo umeitoa kazi ya mtu nje bila ruhusa yake.

Soma mara mbili. Ripoti ianze na aya moja inayosema, kwa maneno yako, makala inadai nini. Mwandishi akiisoma atajua papo hapo kama umemwelewa. Halafu hoja kubwa: je, mbinu inaweza kulijibu swali lililoulizwa? Je, hitimisho halikuruka mpaka wa data? Kisha hoja ndogo, kwa namba za mistari. Taja pia kilicho kizuri, kwa jina lake, maana mhariri anaweza kumtaka akiondoe asipojua kina thamani. Usisahihishe kila nukta, hukuombwa hilo. Na lolote usiloweza kumwambia mwandishi ana kwa ana kwenye baraza ya skuli, usimwandikie nyuma ya pazia.

Ukikubali, timiza tarehe. Ukiona huwezi, jibu siku ile ile uliyoombwa, na mtajie mhariri mtu mwingine mmoja au wawili. Kukataa mapema hakumdhuru yeyote. Makala yangu ya tatu ilikaa miezi minne kwa mhakiki aliyekubali kisha akanyamaza. Mhariri akamngoja, akamkumbusha, akamngoja tena, ndipo akaanza kutafuta mwingine. Mkataba wangu wa kazi ulikuwa unaisha mwezi wa tano, na nilihitaji makala ile iwe imechapishwa. Ilitoka mwezi wa nane.

Mtoto wa dada yangu amebakiwa na siku 34. Ameshazipa namba hoja zote, ziko 27, na jana jioni alinipigia kuniuliza kuhusu ya 11.